Mabomba Mawili Zaidi

Pwani ya Batina, Oman
Ijumaa, baada ya sala

Kwa dada yangu Raya, Madungu, Chake Chake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Dada, kwanza nambie goti. Lile la kulia lililokuwa likikataa ngazi, limetulia au bado unalikanda mafuta ya habasoda? Na Mama yuhali gani huko Viamboni, bado anagomba na kuku wa jirani? Shemeji Said kifua chake? Mie mdogo wako Hamad mzima, alhamdulillahi, ila jua la huku linampika mtu hata akiwa kivulini, na mgongo kila nikishuka garini unanikumbusha kuwa ujana umeshapita.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti ya simu. Sauti nimerekodi, nikafuta. Nikarekodi nyengine, nikafuta na hiyo. Simu ina kitufe cha kufutia na kidole changu kimeshakizoea. Karatasi nikishampa Ali wa Wete anayekuja likizo, na yeye akishapanda ndege, basi tena, siwezi kuifuata. Kwenye mkoba wake kuna na jiwe lako, nimelifunga ndani ya soksi. Soksi safi, usianze. Nakuomba usililambe kabla hujaimaliza barua. Nnakujua.

Habari za kazi ni zile zile. Naendesha gari la tangi. Tunajaza maji kwenye kituo kinachotoa chumvi kwenye maji ya bahari, tunapeleka majumbani na kwenye mashamba ambayo visima vyao vimeharibika. Pwani hii visima vingi vimeharibika, Dada. Mie mtoto wa Viamboni nimevuka bahari nzima kuja kuwapelekea watu maji matamu, na kila nikifungua mpira nakuona wewe umesimama pembeni na nyundo yako, unaniuliza yametoka wapi.

Nyuma ya mji kuna milima. Haina mti, haina nyasi, imesimama uchi kama mifupa. Mwanzo nilikuwa naiogopa. Sasa nikipumzika naitazama na najiuliza mambo. Mbona huu mwekundu na ule mweusi, na imepakana? Mbona mawe mengine yamelala kama mikeka iliyokunjwa? Mwenzangu mmoja wa kazini kanambia mawe haya meusi zamani yalikuwa chini ya bahari. Nikamcheka. Halafu nikasema ngoja, Raya angesema nini? Raya angesema, nionyeshe. Basi nikapanda mwenyewe na mgongo wangu huu, nikakuletea kipande. Nimeanza kufanana na wewe uzeeni.

Sasa nikuhadithie habari ya bibi mmoja, maana bila ya yeye barua hii nisingeiandika.

Anaitwa Bi Thuwaiba, ana shamba la mitende. Siku ya kwanza nampelekea maji nilimsalimia kwa Kiarabu changu cha kuungaunga. Akanitazama juu mpaka chini, akanambia kwa Kipemba kitupu, "Weye ntu wa wapi?"

"Pemba, Bi."

"Pemba kubwa."

"Shumba."

"Mjini au Viamboni?"

"Viamboni."

Akapiga makofi. "Ndo mana unamwaga maji ovyo! Nyie bahari iko mlangoni mnadhani maji hayaishi. Funga huo mpira, njoo unywe kahawa."

Kumbe kazaliwa kwetu, kaondoka msichana mdogo. Kiarabu cha huku kimemkaa, lakini akikasirika anarudi Pemba. Tangu siku hiyo kila nikipeleka maji lazima nikae, nile tende, nimwambie karafuu zimechumwa vipi na nani kafa.

Mwezi uliopita akanishika mkono akanipeleka kwenye kisima chake. Mitende ya upande wa bahari imeungua nchani kama imepitiwa na moto. Akanambia, "Tizama. Maji haya yalikuwa sharubati. Mwanangu Saleh kaleta mashine, kakiongeza kina. Siku ile maji yalikuja kwa kishindo, tukachinja. Sasa hata mbuzi akiyanusa anageuka. Kwani yamekuwaje, mwanangu?"

Nikamwambia kama ulivyonambia wewe jikoni kwa Mama, umeshika mwiko, mie ndiyo kwanza nimeanza kazi kwenye mashine yenu ya kuchimbia visima. Unakumbuka? Ulikuwa umekamua nazi, tui limetulia bakulini, zito limekuja juu, jepesi liko chini. Ukasema maji ya mvua yamekaa hivi ndani ya jiwe la pwani, matamu juu, ya bahari chini yake, hayana ukuta wa kuyatenga. Ukiteka taratibu kwa kijiko unapata la juu. Ukitumbukiza upawa mpaka chini, umelivuruga bakuli zima na kulirudisha kama lilivyokuwa huwezi.

Bi Thuwaiba akalifahamu mara moja. Mpishi yule. "Nani kakusomesha haya?"

"Dada yangu. Yeye kazi yake kusoma mawe."

"Kusoma mawe!" Akacheka mpaka mtandio ukamshuka. "Na mume anaye?"

"Anaye, Bi."

"Masikini wa Mungu."

Nikacheka na mie. Halafu akageuka, akawa anakitazama kisima. Akasema, "Fundi alimwambia Saleh aishie pahala, najua. Kila siku nnamuuliza, umechimba mpaka wapi? Ananambia pale pale, mama, pale pale alipotwambia fundi. Na mie naona uso wake. Kwa nini hasemi?"

Nkamwambia, "Anaona haya, Bi."

"Haya ya nini? Mie simpigi. Ntu mzima yule, ana ndevu. Mie nataka kujua tu."

Dada, nilisimama pale na kikombe cha kahawa mkononi, nikashindwa kukinywa na nikashindwa kukiweka. Akaniuliza, "Na weye je? Mbona umebadilika rangi?" Nikamwambia jua. Akasema, "Jua la wapi, tuko kivulini."

Wiki hiyo hiyo Omar wako akanipigia. Furaha tupu. "Mjomba, tunamfanyia Mama hafla pale Gombani! Wanafunzi wake wa zamani wanakuja, watu wa maji, masheha wa kaskazini, walimu. Na wewe lazima useme, umechimba naye. Kama huji, rekodi."

"Niseme nini mie?"

"Mambo ya Mama kuitwa Bi Mawe! Pikipiki ya Honda, nyundo, kulamba mawe. Watu wacheke."

Hayo ninayo, Dada. Ningeweza kusema mpaka wakazima taa. Ningewaambia vipi ulikuwa mtoto ukirudi pwani kanga imejaa mawe badala ya kombe, na Mama anapiga mayowe, "Mtoto mwenye ulimi wa udongo huyu ataolewa na nani?" Ningewaambia uliporudi kusoma ng'ambo, machimbo ya dhahabu ya Bara yalikutaka, na Mama alipokuuliza mbona umekataa ukamwambia, "Huko watanilipa nitafute kitu ambacho nikikipata hata kukishika hawataniacha." Ningewaambia habari ya yule mkubwa aliyetaka kisima kichimbwe uani kwake, kakuita ofisini, kakukalisha kwenye kiti cha ngozi, na wewe ukamwambia, "Nionyeshe jiwe, usinionyeshe kiti," na Honda yako ikakaa mwaka mzima bila ya mafuta ya serikali, ukawa unaisukuma kwenye vilima.

Na ningewaambia habari ya choo. Ile naipenda kuliko zote. Watoto wanaumwa matumbo, wewe unasema choo kiko karibu na kisima, wanaume wanasema huyu mwanamke katoka Chake kuja kutufundisha pa kujisaidia. Hukugombana nao. Ulitia unga wa rangi chooni, ukaenda zako ukakaa kwa Mama ukala muhogo. Siku ya pili ndoo imetoka kisimani na maji ya kijani kama kanzu ya shehe. Ukajaza kikombe, ukawapitishia. "Nani anataka chai?" Hakuna aliyecheka siku ile ila mie. Na choo wakakihamisha wenyewe.

Basi Omar akanisomea alichoandika. Safi, kijana wako anajua kupanga maneno. Mpaka akafika mahali akasema, "Na hapa ndipo linapokuja kosa la Shumba."

Nkamwambia, "Hilo la nini kwenye sherehe?"

"Mama kasema lazima liwemo. Kasema mtu akisifiwa bila ya kosa lake hajasifiwa, kapakwa chokaa. Kasema wanafunzi wamejifunza zaidi kwa kisima kimoja kilichoharibika kuliko vyote vilivyo vizima." Halafu akasema, "Lakini Mjomba, masikini, mpaka leo hajui alikosea wapi. Jana kazitoa karatasi zake tena, kakaa nazo mpaka chai imepoa."

Dada Raya. Hukukosea popote.

Nimeliandika. Ngoja nipumue kidogo.

Siku ile ya Viamboni ulikuwa umeshapita kijiji kizima na ule mtambo wako wa nyaya unaouchomeka ardhini, watoto wanakufuata nyuma, "Bi Mawe, Bi Mawe, umempata jini?" Ukachomeka kigingi, ukakifunga kitambaa chekundu cha kanga ya zamani ya Mama ili ng'ombe asikisukume bila ya mtu kuona. Ukatwambia mie na marehemu Makame, "Mukifika kwenye jiwe jeupe lenye matundu, maji yatakuja. Simameni hapo hapo. Yatakuja kidogo kidogo, musiwe na haraka, hayo ndiyo yatakayodumu. Musizidi hata bomba moja la kuchimbia." Halafu ukapanda Honda ukaenda Chake kufuata pampu.

Tulifika kwenye jiwe. Maji yakaja, kidogo kidogo, kama ulivyosema. Matamu. Kina mama wakapiga vigelegele. Mie nilijiona nimefanya kazi.

Ndipo Mzee Faki, Mungu amrehemu, akasogea na bakora yake, akachungulia. Akasema watu wote wasikie, "Haya maji mbona yanatoka kama mtu anayelia kwa siri? Hiki kisima cha mwanamke." Wanaume wakacheka. Akanigeukia. "Na wewe Hamad, dadako kakwambia simama, umesimama. Akikwambia kaa, utakaa?"

Dada, miaka yote nimejidanganya kuwa niliwaonea huruma wale kina mama na ndoo zao. Nimejiambia hivyo mpaka nikakaribia kuamini. Si kweli. Nilichoka kuitwa mdogo wake Bi Mawe. Kazi uliniombea wewe, koti la kazi ulininunulia wewe, na watu walikuwa wakisema Raya kamwajiri nduguye asiye na cheti. Nilitaka siku moja kitu kiwe changu. Hilo tu. Kwa kicheko cha watu wachache waliokaa kwenye gogo.

Makame akaniambia, "Hamad, Bi Raya kasema tusizidi." Nkamwambia, "Bi Raya yuko Chake. Mashine iko kwangu."

Nikaongeza mabomba mawili.

Maji yaliruka. Yalitoka yanapiga kelele, watoto wakaingia ndani yake na nguo zao, Mzee Faki akanipa mkono, "Sasa hiki kisima cha wanaume." Mie nacheka. Makame akakinga kiganja, akanywa, akatema, akanitazama. Nikaonja na mie. Haikuwa chumvi ya kumkunja mtu uso. Ilikuwa kama chozi likikufikia mdomoni.

Tuliyatoa yale mabomba mawili haraka. Tukamimina mchanga mweupe, ule wa pwani tuliouweka kwa ajili ya kujengea sakafu, na saruji nusu mfuko, tukaziba chini. Watu wakauliza, tukasema ndiyo kazi inavyofanywa. Uliporudi na pampu umejaa vumbi mpaka kwenye kope, ukaniuliza, "Mumeishia wapi?"

Nkakwambia, "Pale pale, Dada."

Ukaonja, yalikuwa yameshatulia, matamu. Ukanishika bega. "Ahsante mdogo wangu. Fundi mwengine angezidisha tu, apate sifa." Maneno hayo nimekula nayo, nimelala nayo, nimevuka nayo bahari.

Sijui saruji ile ilipasuka, au chini hatukuipata vizuri, au bakuli lilikuwa limeshavurugika tu. Wewe utajua. Mie ninachojua ni kuwa ilipopita kaskazi ya pili, chai ya Viamboni ikawa hainyweki na sabuni haitoi povu. Kina mama wakawa wanasema kwa utani mchungu, kapikieni pweza, chumvi Bi Mawe kaileta bure.

Na wewe ukaja. Bosi wako wa wakati ule alikuwa na wewe kwenye gari, jina lake nalihifadhi, na mie nilikuwa nyuma. Nilimsikia akikwambia, "Waambie mafundi ndio walioharibu. Itaishia hapo." Ukamjibu, "Mafundi walisimama nilipowaambia. Nimemuuliza ndugu yangu. Aliyekosea ni aliyesoma jiwe." Ukashuka, ukasimama mbele ya wale wanawake na mbele ya Mama yetu, ukasema, "Kosa ni langu. Nisameheni." Mie nimekushikia nyundo. Nilikuwa karibu nawe kiasi ambacho ningeweza kukuvuta mtandio. Sikukuvuta.

Basi lingekuwa limeishia hapo lingekuwa dhambi ya kisima kimoja. Lakini wewe si mtu wa kuacha jambo. Ulirudi ukazigeuza hesabu zako zote, ukasema kumbe maji matamu ya upande ule ni membamba kuliko ulivyodhani. Tangu hapo kila kisima cha kaskazini ukakifanya kifupi. Mie nilikuwa kwenye mashine, nakusikia unasema "hapa simama," na ninajua kuwa ulikuwa unataka kwenda chini zaidi na unaogopa kwa sababu yangu. Sasa kaskazi ikikolea visima vile vinakauka, na binti wa Mama Subira na wenziwe wanapanda kilima na ndoo. Na wanafunzi wako wanafundishwa hivyo hivyo, mukifika pwani ya kaskazini kumbukeni Shumba. Wanakumbuka kitu ambacho hakikuwepo.

Na Idi zote zile, Dada. Tumekaa barazani kwa Mama, tumeshakula, watoto wanapiga fataki, na wewe unageuka. "Hivi Hamad, wewe ulikuwepo. Siku ile hukuona chochote? Jiwe halikubadilika rangi? Hakukuwa na harufu?" Na mie, "Sikumbuki, Dada." Mwaka mmoja ulinipa kabisa jiwe nilishike, ukasema labda mkono utakumbuka kichwa kilichosahau. Hukuwa unanituhumu. Ulikuwa na macho yale yale ya kanga iliyojaa mawe. Nikadhani nikinyamaza mara hii utachoka kuuliza. Nilipokuja Oman nilisema nafuata riziki, na riziki kweli nilifuata, lakini nililikimbia pia lile swali.

Sikujua, mpaka Bi Thuwaiba alipotamka, kuwa kumbe inawezekana mtu akauliza kwa kutaka kujua tu.

Bibi yule nilimrudia kabla ya kukuandikia. Nikamwambia yote. Alinisikiliza huku anatoa tende kokwa, halafu akanambia, "Sasa mie unanambia ili iweje? Kisima changu hicho? Nenda kamwambie mwenyewe." Nilipoondoka nikamsikia anamwita Saleh kwa sauti ambayo wallahi nilimhurumia.

Usiniamini mie, Dada. Wewe mwenyewe ulikuwa ukisema maneno ya fundi si ushahidi. Kisima kile pampu yake imekufa zamani, mdomo wake umefunikwa bati na jiwe. Waambie wanafunzi wako wafunue, wateremshe chuma cha kuchukulia udongo mpaka chini kabisa, pale kwenye kina ulichotwambia. Ikiwa naongopa watakutana na jiwe jeupe la matundu. Ikiwa nasema kweli watakuletea saruji na mchanga laini wa pwani, pahala ambapo mchanga wa pwani hauna njia ya kufika ila kwa mkono wa mtu. Na wakiuvunja ule wakaendelea, nafasi ya mabomba mawili watakuta imeshachimbwa, na jasho langu limo mle.

Halafu zirudie zile hesabu zako za mwanzo. Labda vile visima vifupi vinaweza kushuka kidogo, kaskazi visikauke. Mie sijui, sikusoma, nisije nikazidisha mara ya pili. Wewe ndiye utakayesema wapi pa kusimama.

Kuhusu hafla. Nimeomba ruhusa kazini na nimepewa. Nitakuja mwenyewe, sitarekodi. Nataka nisimame pale Gombani mbele ya kina mama wa Viamboni niseme nilichofanya, kwa mdomo wangu, kabla Omar hajasoma karatasi yake. Nikimaliza nitasema sifa yako moja, na hiyo hakuna mwengine anayeijua ila mie na yule bosi: kuwa ulikuwa na nafasi ya kunitupia kosa, ukakataa, kwa sababu uliniuliza na ukaniamini. Lakini hafla ni yako. Ikiwa hutaki uso wangu siku hiyo, huna haja ya kunieleza. Mwambie Omar aniambie tu, "Mjomba, viti vimejaa," na mie nitafahamu na sitakuwa na kinyongo. Ninachokuomba ni kimoja, usikubali lile lisomwe tena kwa jina lako. Hata hapo nisipokuwepo.

Na mambo mengine utakayoamua juu yangu, kunisema, kunikalia kimya, kumwambia Mama au kutomwambia, yote nimeyastahiki. Sikuandika ili nipunguziwe.

Nisalimie Mama, mpe mkono wangu, mwambie kitambaa cha kanzu anacho Ali, asikubali kupewa cha rangi nyengine. Msalimie Shemeji Said, mume aliyeoa ulimi wa udongo na hakulalamika. Msalimie mke wangu Mwanakombo ukipita Viamboni. Yeye nimempigia jana nimemwambia yote, alilia kidogo halafu akaniuliza mbona nimechelewa. Omar, mie mjomba wake namsalimu, aache nafasi kwenye karatasi yake. Msalimie binti wa Mama Subira, ila usimwambie kwa nini.

Jiwe sasa unaweza kulitoa kwenye soksi. Ni zito kuliko linavyoonekana. Linateleza kama limepakwa mafuta, na ukiligeuza kwenye mwanga lina mistari ya kijani kama ngozi ya nyoka. Nimelitoa juu mlimani, pahala ambapo bahari huioni hata ukikazana. Yule mwenzangu bado anashikilia kuwa lilikuwa chini ya bahari. Anaongopa? Na kama haongopi, limepandaje? Lilambe, unambie.

Na mie nikifika, ikiwa utanikaribisha barazani, nakuomba uniulize tena lile swali lako. Uliulize kama ulivyokuwa ukiliuliza, tukishakula, watoto wanapiga kelele.

Nakumbuka, Dada. Nakumbuka kila kitu.

Wassalaam,
mdogo wako mkosa,
Hamad